Mmea Aliouleta Mzee Likwata

Kosa lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko wa kuivisha uji, na lilianza kwa jambo la heshima.

Asubuhi hiyo Zuwena alikuwa ameketi juu ya mkeka barazani kwake, pale Rutamba, mbele yake pakiwa na mbao mbili nyembamba zilizokazwa kwa mikanda. Katikati ya mbao hizo mlipangwa magazeti ya zamani, na ndani ya kila gazeti mlilazwa mmea mmoja uliobanwa ili ukauke bila kujikunja. Kazi ya kuufungua mzigo huo kila siku na kubadilisha karatasi zilizonyonya maji alikuwa amepewa na Angela, mtafiti wa mimea kutoka chuo kikuu. Homa ilikuwa imemshika Angela ghafla, hata dereva wake, Valerian, akalazimika kumkimbiza hospitali ya Lindi. Kabla hajapanda gari, huku akitetemeka, Angela aliandika kwa penseli pembezoni mwa magazeti mawili ya mwisho maneno machache: namba, tarehe, na mahali mmea ulipotolewa. Maneno hayo aliyaandika kufuata kauli ya mzee Likwata, mwongoza njia wake, ambaye ndiye aliyeileta mimea hiyo. Angela mwenyewe hakupata hata nguvu ya kuitazama vizuri.

"Nataka mtu anayejua kusoma," alisema. "Mmea ukipotewa na maandishi yake, umekuwa jani tu."

Mwalimu Anthony, aliyefundisha kisomo cha watu wazima katika chumba cha darasa la pili cha shule ya msingi kila alasiri, hakufikiri mara mbili. "Yupo. Zuwena, mama Ridhiwani."

Wanawake wa kisomo walifurahi kama vile wameteuliwa wote. Zuwena alikuwa na miaka arobaini na mmoja na watoto wanne, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili wa kushika kalamu. Mwandiko wake ulikuwa wa duara, uliosimama wima, na mwenzake Kazija, ambaye bado alisoma kwa kufuata kidole, alikuwa na desturi ya kumchokoza: "Wenzetu hawaandiki, wanachora maua."

Basi asubuhi hiyo, alipofika kwenye magazeti mawili ya mwisho, Zuwena aliona kwamba yote mawili yalikuwa ya Ijumaa, na kurasa zilizotumika zilikuwa zile za dini. Juu ya aya iliyochapwa kwa herufi za Kiarabu, herufi alizozijua tangu utotoni katika chuo cha Kurani, hata kabla ya hizi za Mwalimu Anthony, kulikuwa na tope. Tope lilikuwa limeganda juu ya jina la Mwenyezi Mungu.

"Astaghfirullah," alisema, akaondoa mkono.

Angela hakuwa Mwislamu wala hakusoma herufi zile. Hakuwa na lawama. Lakini Zuwena alikwisha kuziona. Aliingia ndani akatawadha. Akachukua karatasi mbili safi za daftari lake, akanakili kwa uangalifu maneno yote ya penseli. Namba 31, tindiga la Rutamba. Namba 32, mfereji wa barabara, Kilangala. Akaitoa mimea miwili, akailaza juu ya ungo. Kisha akazikunja kurasa zile, akaziteketeza ndani ya chungu kisicho na uchafu, na majivu akayafukia kwenye kona ya ua ambayo haikanyagwi na mtu. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa na mama yake, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Aliporudi barazani, akainama juu ya ungo akiwa na karatasi moja kila mkono, ndipo alipotambua kwamba hakujua mmea upi ulitoka katika gazeti lipi.

Alijaribu kukumbuka. Alikuwa ameanza na wa kulia? Au ungo ulikuwa umegeuka alipousogeza kivulini? Mimea yote miwili ilikuwa midogo, ya kijani, yenye majani membamba kama sindano, na yote ilikuwa na vijirungu vidogo mwishoni mwa vijishina vyake. Machoni pake, siku ile, ilifanana kama watoto wa tumbo moja. Mzee Likwata alikuwa jirani, nyumba ya sita kutoka hapo. Kumwendea na kumuuliza kungechukua dakika kumi.

Hakwenda. Aliona haya. Angesemaje, yeye aliyeaminiwa kwa kusoma, kwamba amekwenda kumuuliza mtu asiyejua hata alifu? Akaweka karatasi ya Rutamba juu ya mmea wa kushoto, na ya Kilangala juu ya mmea wa kulia. Akakaza mikanda.

Alibahatisha. Neno hilo alilijua siku ile ile, lakini alilisukuma mbali.

Angela alirudi baada ya siku nane, amekonda, anacheka. Zuwena alimweleza habari ya kurasa za dini, na Angela akashika kifua kwa mshituko.

"Nisamehe sana, mama Ridhiwani. Sikujua kabisa. Umefanya vyema." Akazitazama karatasi zile mbili. "Na mwandiko wako, mashallah, ni mzuri kuliko wangu. Hukuichanganya lakini?"

"Sikuichanganya," Zuwena alisema.

Neno lilitoka jepesi, kama mtu anavyojibu "salama" kabla hajafikiri kama kweli yu salama.

Angela akatoa kioo chake cha kukuzia, akainama juu ya namba 32, kisha akakisogeza karibu zaidi. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yanang'aa. Akamwita Zuwena aje atazame.

"Uone huu, mama. Shina lake halisimami. Linatambaa chini, limejishika ardhini kwa mizizi, hapa, na hapa, na hapa. Kisha kutoka kwenye shina hilo hupanda kijiti kimoja tu, kisicho na matawi, chenye kirungu kimoja kinachotazama juu. Sasa tazama huyu ndugu yake, namba 31. Huyu amesimama kama mti mdogo, ana matawi mengi, na virungu vyake vinaning'inia vikitazama chini. Huyu wa pili tunamkuta mahali pengi penye unyevu. Lakini huyu anayetambaa hupenda ardhi inayolowa mwaka mzima, na nimemtafuta mkoa huu misimu miwili."

"Maua yake yakoje?" Zuwena aliuliza, kwa kuwa alihitaji kusema kitu.

"Hana maua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi la manjano linalotoka kwenye kirungu. Watu humdhania kuwa kuvumwani, lile zulia la kijani la mahali penye unyevu, lakini siye; huyu ana mishipa ya maji ndani ya shina, kuvumwani hana." Akaisoma karatasi. "Kilangala! Nani angedhani? Kwenye mfereji wa barabara!"

Mzee Likwata aliitwa. Alikuja na kofia yake ya kiua na maneno yake ya mzaha, akauliza kama mgonjwa amepona au amerudi kuwaambukiza. Alikuwa na miaka sitini na minane, na hapakuwa na kisima wala njia ya mguu katika pande zile ambayo hakuijua. Alipoonyeshwa mmea unaotambaa, aliitikia kwa kichwa.

"Ndiyo. Huu ndio wa tindigani kwetu hapa. Nilizama kinamasini mpaka magotini kuupata."

"Hapana, mzee, huu ni wa Kilangala."

"Wa Kilangala ni ule mwingine, ulioinamisha vichwa kama watu wa msibani."

Angela alitabasamu kwa upole, akamwonyesha karatasi asiyoweza kuisoma. "Karatasi inasema Kilangala."

"Karatasi haikuingia kwenye tope. Mimi niliingia."

"Karatasi haisahau, mzee wangu."

Walicheka wote, Valerian akicheka zaidi, na Zuwena, aliyekuwa amesimama na birika la chai mkononi, alicheka pia. Baadaye, kati ya yote aliyoyafanya, ni kicheko hicho kilichomchoma kuliko mengine.

Angela alibakiwa na siku mbili tu za gari. Zote alizimalizia Kilangala, akikagua mfereji hatua kwa hatua, na mzee Likwata nyuma yake akirudia kwamba wanapoteza nguvu zao. Hawakuona ila mimea yenye virungu vinavyoning'inia. Ilipofika jioni ya pili, Angela aliuliza kwa sauti iliyochoka: "Mzee, jaribu kukumbuka. Ulisimama wapi hasa?" Na mzee Likwata, mbele ya watu waliokuwa wakipita barabarani, akakosa la kusema.

Kabla ya kuondoka, Angela alipita ofisi ya kijiji. Hakumsema vibaya. Alisema tu kwamba umri umeanza kumchezea mzee, na kwamba msimu ujao angeomba mwongoza njia mwingine. Alidhani anamhurumia.

Maneno kama hayo hayabaki ofisini. Siku ya tatu yalikuwa kwenye mashine ya kusaga, siku ya nne yakawa msikitini. Vijana wakaanza kumuuliza kama anakumbuka njia ya kwake. Mwanzoni alijibu kwa mzaha mkali zaidi kuliko wao. Kisha akawa hajibu. Kisha binti yake, Mwanahija, akaanza kumzuia asiende peke yake kwenye mikorosho yake ya Kilangala, na panga lake likafichwa juu ya dari, kwa hofu kwamba atapotea porini.

Zuwena aliyasikia hayo yote, na kila alilosikia alilipeleka nyumbani na kulala nalo. Darasani Mwalimu Anthony alikuwa amebandika ukutani kivuli cha karatasi zile mbili, kivuli alichokitoa kwa mashine ya ofisi ya shule, ili wanawake wengine waone mfano wa maandishi safi. Kila alasiri Zuwena aliketi akiyatazama. Herufi zilisimama wima, bila doa, na zilikuwa zinasema uongo. Alijiambia kwamba hakuwa amekusudia. Alijiambia kwamba alikuwa analihifadhi jina la Mungu. Lakini alijua kwamba kuihifadhi aya kulikwisha pale majivu yalipofukiwa. Lililofuata baada ya hapo halikuwa la Mungu, lilikuwa la haya yake mwenyewe.

Mwezi ulikaribia kwisha alipokutana na Mwanahija kisimani.

"Baba hajambo?"

"Ah, mama Ridhiwani, hajambo gani?" Mwanahija aliweka ndoo chini. "Jana amesali adhuhuri mara mbili. Namwambia, baba, umeshasali, nimekuona kwa macho yangu. Ananiambia, mwanangu, sina hakika. Anasali tena huku analia."

Zuwena aliacha ndoo yake imejaa nusu. Alimfuata Mwanahija mpaka kwake.

Mzee Likwata alikuwa uani, akichambua choroko kwenye sinia, akiinua punje moja moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Ridhiwani. Karibu."

Hakukaribia. Alipiga magoti pale pale mchangani, na Mwanahija akadhani amejikwaa.

"Baba, hukusahau kitu. Ule mmea unaotambaa uliutoa tindigani, kama ulivyosema. Mimi niliichanganya. Niliitoa kwenye magazeti, nikashindwa kujua upi ni upi, nikabahatisha. Na dada Angela aliponiuliza, nikamwambia sikuichanganya."

Choroko ziliacha kudondoka.

"Rudia," mzee Likwata alisema.

Alirudia.

"Sikusahau?"

"Hukusahau, baba."

"Na siku ile, nilipoambiwa karatasi haisahau, ulikuwapo."

"Nilikuwapo. Nilikuwa nimeshika birika."

"Ukacheka."

"Nikacheka."

Mwanahija alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mzee Likwata alilisogeza sinia pembeni taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mimi kila asubuhi," alisema, "kabla sijainuka kitandani, nayataja majina ya ndugu zangu waliotangulia mbele ya haki. Wako saba. Nayataja nione kama lipo lililopotea usiku. Juzi nilifika sita, nikakwama, nikasema, basi, ndiyo imefika. Kumbe nilikwama kwa woga." Akamtazama. "Wewe una mama yako?"

"Ninaye, baba."

"Ungemfanyia hivi?"

Zuwena akaomba apigiwe Angela simu, amwambie mwenyewe.

Ni Mwanahija aliyepiga simu, akampa Zuwena azungumze, sauti ikiwa imefunguliwa ili wote wasikie. Zuwena alieleza kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nilikuuliza, mama Ridhiwani," Angela alisema.

"Uliniuliza."

"Nami nikaenda ofisini nikamvunjia mzee heshima yake." Akapaza sauti. "Mzee, unanisikia? Naomba radhi. Nitakuja kuiomba kwa miguu yangu, si kwa simu. Lakini ripoti inaondoka Jumatatu, na siwezi kuandika mahali kwa maneno matupu mara ya pili. Mmea uonekane ukiwa hai, upigwe picha, na mahali paandikwe upya."

Mzee Likwata alikwisha kusimama. "Panga langu liko wapi?" alimuuliza binti yake.

Waliingia tindigani watatu. Mvua za masika zilikuwa zimeacha maji mengi, na matete yalikuwa yameinuka kupita vichwa vyao. Mzee Likwata alitangulia, akihesabu kwa sauti ndogo, mkono mmoja ukigusa matete. Alipita mkindu ulioanguka, akakata kushoto, akatoka kwenye uwazi wa mchanga mweusi unaobonyea, akasimama.

"Hapa."

Palikuwa na nyasi tupu, zilizolazwa na maji na kukauka zikiwa zimelala. Akazunguka. Akarudi mahali pale pale.

"Palikuwa hapa," alisema, lakini sasa lilikuwa swali.

Hapo Zuwena alielewa ukubwa wa alichokichukua kwa mtu huyu. Hakuwa amemchukulia kazi tu. Alikuwa amemwondolea mahali pa kusimama ndani ya kichwa chake mwenyewe, na huenda pasirudi, hata ukweli ukisemwa mara mia. Alianguka kwa magoti na viganja kwenye tope. Akaanza kuzifunua nyasi zilizolala, fungu baada ya fungu. Alikuta zulia laini la kijani akalipapasa. Lilinyofoka mara moja, halina shina wala mizizi ya maana. Kuvumwani. Akaliacha. Akakuta kijani kingine chenye sindano, akakivuta, kikaja kizima na maua meupe. Siyo. Akafunua tena, hatua moja mbele ya vidole vya miguu ya mzee.

Kilikuwapo kijiti kimoja, chembamba, kimesimama peke yake kati ya nyasi.

"Usiking'oe," mzee Likwata alisema kwa sauti kavu. "Kisome. Si wewe msomaji?"

Alipitisha kidole chini ya kijiti. "Shina limelala chini," alisema. "Linatambaa. Limeshikwa na mizizi hapa... na hapa... na hapa. Kijiti ni kimoja. Hakina matawi. Kirungu ni kimoja, kinatazama juu." Alikigusa, na ncha ya kidole ikabaki na vumbi la manjano. "Ndio wenyewe, baba. Uko mbele ya miguu yako. Hukukosea hata hatua moja."

Mzee Likwata aliutazama mmea, kisha akatazama nyuma, njia yote aliyoikata kati ya matete, kana kwamba anaihesabu tena. Mwanahija alipiga picha tatu kwa simu yake, mikono ikiwa na tope.

Walipofika mahali pakavu, Zuwena alitoa daftari na kalamu, na mzee Likwata akamtajia: uelekeo wa kuingia, mkindu ulioanguka, hatua mia moja na arobaini, kata kushoto, mchanga mweusi. Alitaja polepole, akisubiri kila neno limalizike. Alipomaliza aliunyoosha mkono, Zuwena akadhani anataka kumshika bega. Alikuwa anataka karatasi.

"Sasa twende kwa Kazija," alisema.

"Kwa Kazija, baba?"

"Anisomee yeye nisikie kilichoandikwa."

Zuwena alihisi uso wake ukimwaka moto. "Nimeandika ulivyosema, wallahi."

"Huenda." Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Radhi nitakupa, mama Ridhiwani, sitakufa nayo. Ila si leo. Leo nataka nisomewe na mtu mwingine."

Kazija alikuwa anatwanga. Alipoelezwa shida, alifuta mikono kwenye kanga, akatania kwamba leo dunia imepinduka, yeye kuitwa amkague mchora maua. Kisha akaziona nyuso zao, akaacha utani. Akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Alisoma kwa shida, silabi kwa silabi, akirudi nyuma, akijikosoa. "Ku-to-ka... m-kindu... u-li-o..." Mzee Likwata alisimama mbele yake ameinamisha kichwa, macho ameyafumba, akifuata kila hatua tena kwa miguu ya ndani. Zuwena alisimama mlangoni, tope likimkauka magotini. Mara kadhaa neno lilimjia mdomoni kabla Kazija hajalifikia, akalizuia. Hakuwa na haki ya kumharakisha mtu yeyote siku hiyo.

"...m-cha-nga... mweu-si," Kazija alimaliza, akapumua. "Basi. Imeishia hapo."

"Soma tena," mzee Likwata alisema, "tangu mwanzo." Na Kazija akarudisha kidole juu.